Chanzo cha Moshi wa Kipilefti cha Shukrani

Nchi ya Shwari haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji ukiona barabara zake zinafanana na za kwenu, hayo ni yako na macho yako. Mimi nasimulia tu. Washwari ni watu wapole, wanapenda salamu ndefu na chai ya tangawizi, na wana kasoro moja ndogo: hawamwamini mtu. Ukimwambia Mshwari habari za asubuhi, atakujibu nzuri, kisha atageuka nyuma kuangalia ni nani aliyekutuma umwulize.

Sasa nchi hii ya watu wa namna hiyo ililetewa zawadi. Mataifa ya mbali yaliipa kidubwasha cha kupimia moshi wa magari, kikubwa kiasi cha friji ya dukani, chenye mpira mrefu wa kunusia na kioo cha kuonyesha namba. Barua iliyokuja nacho iliomba jambo moja: kila mwaka Shwari iseme magari yake yanatoa moshi kiasi gani. Baraza la Mawaziri likaijadili barua hiyo siku tatu, milango imefungwa.

"Kwa nini wanataka kuujua moshi wetu?" aliuliza Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Ndimbwelu. "Moshi ni wetu, na mapafu ni yetu. Mtu anayekuuliza leo unavuta nini, waheshimiwa, kesho atakuuliza unawaza nini!"

Mawaziri wakagonga meza. Kukikataa kidubwasha kungeonyesha kwamba Shwari ina la kuficha. Kukitumia kungelionyesha hilo la kuficha lenyewe. Wakakata shauri kwamba kidubwasha kipokewe kwa shukrani, kiwashwe, kinuse kadiri kinavyotaka, ila kisisomwe.

Kikafungwa kwenye kipilefti kikubwa cha mji mkuu, kinachoitwa kipilefti cha Shukrani, ambako malori ya saruji, mabasi ya mikoani na bajaji zote za mji hukutana na kusukumana kutwa nzima. Kioo chake kikafunikwa kwa kitambaa cha kijani chenye nembo ya taifa. Waraka ukatoka kueleza kwamba namba ni siri mpaka Waziri aipitishe. Waziri hawezi kupitisha namba asiyoambiwa, na mpimaji hawezi kumwambia namba ambayo, kwa kuwa ni siri, haruhusiwi kuiona. Waraka ulikuwa na kurasa kumi na nne, na ulisifiwa sana.

Mpimaji mwenyewe alikuwa Bi Zaituni Digalu, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amesomea kupima hewa miaka minne, akafaulu vizuri, na kwa miaka sita sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kidubwasha akiandika kwenye daftari kila siku sentensi zile zile: "Kidubwasha kipo. Kinanguruma. Hakijaonwa."

Hakukaa peke yake. Kushoto kwake alikaa Bwana Lukindo, mtu mzito mwenye kofia ya pama, aliyetumwa na ofisi isiyo na kibao mlangoni. Kazi yake ilikuwa kumwangalia Zaituni asikifunue kitambaa. Alikuwa mstaarabu. Kila asubuhi alisema, "Bi Zaituni, umeamkaje?" na Zaituni akijibu salama, Bwana Lukindo alitoa kijitabu mfukoni akaandika: salama. Ilipofika saa nne alinyanyuka kwenda msalani kwenye kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, akakawia robo saa. Kwa miaka sita Zaituni hakuwahi kukigusa kitambaa katika robo saa hiyo. Aliamini kabisa kwamba ni mtego, na kwamba hakuna mwanadamu mwenye tumbo la kufuata saa namna ile.

Katikati ya kipilefti, juu ya pipa lililopakwa rangi nyeupe na nyekundu, alisimama mumewe, Koplo Digalu wa trafiki. Miaka kumi na tisa alikuwa akiyaongoza magari pale kwa glovu nyeupe na filimbi ya shaba, na madereva walisema mkono wake ukipanda hata mbuzi husimama. Koplo aliipenda kazi yake waziwazi, kama mtu anavyompenda ndugu yake wa kwanza. Na alikuwa anakohoa.

Zaituni aliujua ukubwa wa kikohozi hicho kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyefua glovu. Walipooana aliziosha maji mawili, zikang'aa. Mwaka kilipoletwa kidubwasha zilikuwa zinataka maji matano. Sasa yalikuwa maji tisa, na ya kwanza yalitoka meusi kiasi kwamba hakuyamwaga uani, aliyabeba hadi mtaroni ili majirani wasije wakauliza yametoka wapi. Kwa kweli, msomaji wangu, katika nchi nzima ya Shwari beseni lile ndilo lilikuwa kipimo pekee cha moshi kilichokuwa kikisomwa.

Akampeleka mumewe hospitali. Daktari alimsikiliza Koplo kifuani, mbele na nyuma, akamwomba atangulie nje. Kisha akafunga dirisha, akachungulia chini ya meza, akamwambia Zaituni kwa sauti ya chini:

"Mama, mumeo aondoke barabarani. Apelekwe mahali penye miti na upepo. Akikaa pale mwaka mmoja tena, mimi sitakuwa na dawa ya kumpa."

"Niandikie basi, daktari, niipeleke kwa wakubwa wake."

"Siandiki. Nikiandika ni moshi, wataniuliza nimeuona wapi."

Zaituni akaenda kwa wakubwa wa trafiki bila karatasi. Afande wa zamu akamfungulia kanuni, akamwekea kidole kwenye mstari: askari hataondolewa kituoni kwa sababu ya hewa mpaka hewa ya kituo hicho ithibitishwe, kwa namba iliyopitishwa, kwamba imezidi hamsini.

"Leta namba," akasema Afande. "Si wewe ndiye mpimaji? Au kuna kitu unakificha?"

Kesho yake ilipogonga saa nne, Bwana Lukindo akanyanyuka, akavuka barabara. Zaituni akahesabu mpaka sitini. Akanyanyua ncha ya kitambaa, akatazama, akashusha. Mia nne themanini na saba.

Hamsini ndiyo kikomo, na mumewe amesimama juu ya pipa katika mia nne themanini na saba, anapuliza filimbi. Zaituni aliogopa, akaona hasira, kisha akaogopa tena, maana sasa alikuwa na namba ambayo hakuna mtu angeweza kumwuliza bila kumfunga.

Alichofanya ni kumwandikia Waziri barua ya unyenyekevu. Hakutaja namba. Aliomba tu Mheshimiwa aje siku moja, akifunue kitambaa mwenyewe, aitazame. Jibu lilikuja baada ya juma moja, likasomwa redioni pia ili wengine wenye mawazo kama hayo wafaidike.

"Kupima," alisema Mheshimiwa Ndimbwelu, "ni dalili ya kutoamini. Nani kati yenu humpima mama yake uzito? Sisi Washwari tunaliamini taifa letu, kwa hiyo hatutalipima. Tutalikadiria!"

Na makadirio, wataalamu walieleza, ni kitu chepesi. Unahesabu magari yote ya nchi. Unajua kila moja linakwenda kilomita ngapi. Unatafuta gari moja la mfano, unalipima moshi wake, unazidisha. Zaituni alipolisikia hilo alipata tumaini kidogo. Hata gari la mfano likiwa zima kiasi gani, alifikiri, litatoa chochote, na chochote mara magari laki nne na elfu kumi na mbili hakiwezi kuwa chini ya hamsini.

Kamati ya gari la mfano ikaketi. Mtaalamu mmoja akapendekeza lori la saruji, kwa kuwa ndiyo mengi. Akaulizwa kama anataka taifa liwakilishwe na lori la saruji, akaulizwa na kwao ni wapi, na siku ya pili hakuonekana kikaoni. Mwingine akapendekeza basi. Wa tatu, mzee mwenye busara ya kukaa serikalini muda mrefu, akasema kwamba kama ni kuliwakilisha taifa, lipo gari moja tu linaloweza kuthubutu, nalo ni gari la Mtukufu Rais. Wote wakasimama kupiga makofi, na kila mmoja akamtazama mwenzake kuona nani ataacha kupiga kwanza. Walipiga dakika ishirini na tano.

Siku ya kipimo, kidubwasha kilichukuliwa kwenye kipilefti kikapelekwa uwanja wa Ikulu, na Zaituni nacho, na Bwana Lukindo nyuma yao. Gari la Mtukufu lilikuwa limeoshwa kwa maji ya waridi, likawekwa juu ya zulia. Bendi ikapiga wimbo. Zaituni akashika mpira wa kunusia, akaanza kuzunguka kuelekea nyuma ya gari, kwenye ekzosi.

"We mama!" Ofisa wa itifaki alimkimbilia kwa mikono yote miwili. "Unakwenda wapi?"

"Nyuma, bwana. Moshi unatoka nyuma."

"Mtukufu haendewi nyuma. Mpira utawekwa mbele, kwa heshima."

Zaituni akauweka mpira mbele, kwenye bendera ndogo. Akauliza nani ataliwasha gari. Ikabainika kwamba hilo nalo haliwezekani. Mtukufu akiwa ndani, hakuna mtu anayeruhusiwa kulikaribia gari akiwa na mpira. Mtukufu akiwa nje, kuliwasha ni kuitumia injini ya Mtukufu bila Mtukufu, na kosa hilo lina kifungu chake katika sheria. Kwa hiyo gari likapimwa limezimwa.

Mheshimiwa Ndimbwelu akakifunua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Sifuri. Kulikuwa na harufu ya waridi.

Zaituni alijua inafaa anyamaze. Lakini alilikumbuka beseni, na maneno yakamtoka. "Mheshimiwa, samahani. Gari halijawashwa."

Bendi ikanyamaza. Bwana Lukindo akatoa kijitabu.

"Bi Zaituni," akasema Waziri taratibu, "unataka kutuambia kwamba gari la Mtukufu haliwaki?"

"Hapana, Mheshimiwa. Linawaka."

"Linawaka vizuri?"

"Vizuri sana, Mheshimiwa."

"Basi."

Magari laki nne na elfu kumi na mbili yakazidishwa kwa kilomita zake zote, kisha yakazidishwa kwa sifuri. Profesa mmoja wa chuo kikuu alizidisha mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza hakuaminiwa na mara ya pili hakujiamini. Jibu halikubadilika. Shwari ikatangazwa kuwa nchi ya kwanza duniani ambayo magari yake hayatoi moshi hata kidogo, na watumishi wote wakapewa mapumziko ya siku moja, wakaenda kusherehekea kwa magari.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Moshi ulikuwepo. Ulionekana juu ya kipilefti kila asubuhi, mweusi, umejitandaza, na watoto wa shule wakiuchora katika picha zao za mji. Serikali haikuukana moshi, maana serikali ya Shwari haisemi uongo. Iliuliza tu swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: ikiwa hautoki kwenye magari, unatoka kwa nani?

Ikatolewa Fomu Namba Nane, Taarifa ya Chanzo. Mtumishi yeyote mwenye mhuri, akimshuku mtu kuwa ndiye anayetoa moshi, amtaje jina, kazi na dalili. Mtu huyo ahojiwe. Ikithibitika, jina lake lisomwe redioni, avuliwe sare kama anayo, na aondolewe mara moja apelekwe kilomita zisizopungua kumi kutoka barabara yoyote ya lami, mahali penye miti na upepo mwingi, akae huko mpaka atakapokwisha makali.

Zaituni aliisoma fomu ile akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, kando ya kidubwasha kilichokwisha kurudishwa Shukrani. Aliporudia mstari wa mwisho, miti na upepo mwingi, alimwona yule daktari akichungulia chini ya meza. Akaikunja fomu, akaitia kwenye mkoba. Bwana Lukindo aliona, ila siku hiyo kijitabu hakikutoka.

Jioni, glovu zikiwa kwenye maji ya nne, alimweleza mumewe. Hakuzunguka.

"Baba Semeni, nataka kukutaja."

Koplo alikuwa anakula viazi. Akaweka kiazi chini. "Kunitaja nini?"

"Kwamba moshi wa Shukrani unatoka kwako."

Kwanza Koplo alitaka kucheka, kikaja kikohozi badala yake, kikamshika hadi akainama. Kilipomwachia, alikuwa amekasirika kweli.

"Miaka kumi na tisa, Mama Semeni! Mvua, jua, misafara ya wakubwa, sijawahi kuchelewa. Leo jina langu lisomwe redioni kwamba mimi ni moshi? Semeni alipoolewa watu walisema ni binti wa Koplo Digalu. Sasa waseme binti wa nini?"

"Afadhali uitwe moshi ukiwa hai."

"Na gwanda?"

"Watalichukua."

"Na filimbi?"

Zaituni aliendelea kufikicha glovu. Koplo akauliza swali ambalo Zaituni hakulitegemea, na lilimuumiza kuliko yote.

"Wewe mwenyewe unaamini? Maana umekaa na kile kidubwasha miaka sita. Huwezi kujua. Pengine kweli kuna kitu ndani yangu."

Machozi yakamtoka Zaituni, yakadondokea kwenye beseni, na kwa hasira akalisukuma hilo beseni mpaka miguuni pa mumewe. "Tazama! Hii imetoka kwako au imekupata? Tazama, mume wangu!"

Koplo akayatazama maji. Akaokota kiazi chake, akakigeuza, hakukila. Mwishowe akasema aandike anavyotaka, lakini asitegemee kusalimiwa naye.

Kikao cha kumhoji kilifanyika pale pale kwenye kipilefti, kwa kuwa sheria ilitaka chanzo kihojiwe mahali pa kosa. Waziri alikalia kochi lililoletwa kwa pikapu. Magari yalizunguka kushoto na kulia, malori yakipumua yale yao meusi, na hakuna mjumbe wa kamati aliyeyatazama, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuthibitishwa. Wajumbe walijifunika leso puani wakimtazama Koplo Digalu kwa kumlaumu.

Akapewa kitambaa cheupe, akaambiwa akohoe. Hilo halikuwa gumu. Kitambaa kikatoka na madoa meusi, kikapitishwa mkono kwa mkono.

"Mtu huyu," akasema Waziri, akisimama, "ana moshi ndani! Tumekaa na mtu huyu, tumempa filimbi, kumbe miaka kumi na tisa anatupulizia! Na tazameni, ndugu zangu, ujanja wake. Katika nchi nzima, akachagua kusimama mahali ambapo magari ni mengi, ili lawama iangukie magari!"

Ikaitwa namba. Fomu Namba Nane iliruhusu namba ionwe mbele ya chanzo, na kwa mara ya kwanza pale Shukrani, kitambaa cha kijani kilifunuliwa hadharani. Mpira ukawekwa karibu na mdomo wa Koplo. Lori la saruji likapita, likapunguza mwendo kwa heshima ya kikao, likamwaga wingu. Mia nne themanini na saba.

"Kikomo?" aliuliza Waziri.

"Hamsini, Mheshimiwa," akajibu Zaituni.

"Una hakika na hesabu yako, mama? Huyu si mumeo?"

Hapo palikuwa na hatari. Mke anayemtaja mume ni mwema mno, na mtu mwema mno katika Shwari huchunguzwa. Zaituni aliona wajumbe wameanza kumtazama yeye. Bwana Lukindo akakohoa kidogo, akavua kofia.

"Mheshimiwa, mimi nimemwangalia mtu huyu miaka sita. Kila siku anaposimama, moshi upo. Siku za mapumziko sijui, kwa sababu nami huwa nimepumzika."

Ushahidi huo ulipokewa kama ulivyo. Koplo Digalu akashushwa kwenye pipa, akavuliwa gwanda mbele za watu, akabaki na fulana. Filimbi aliitoa mwenyewe. Alipopita karibu na mkewe hakumsalimia, kama alivyoahidi, lakini alimwachia mkononi zile glovu. Wakampeleka siku ile ile kwenye kilima kimoja chenye misonobari, ambako hakuna lami wala pikipiki.

Kazi ya pipa akapewa Sajini mmoja mwenye mabega mapana. Namba, sasa kwa kuwa imekwisha kupitishwa, ilisomwa kesho yake kuona imeshuka kiasi gani. Haikushuka hata moja. Kamati ikafikiri kwa makini, ikaona hakuna njia nyingine ila kuamini kwamba Digalu aliacha mwenzake.

Siku ya sita, mwanamke mmoja aliyejifunga khanga mpya akaja hadi kwenye kiti cha plastiki, akakaa kwenye ukingo wa barabara kama mtu anayesubiri basi. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Dada," akasema, bila kumtazama Zaituni, "mimi mke wa Sajini. Nimesikia mumeo ameanza kunenepa huko."

"Nimesikia hivyo."

"Anakohoa?"

"Usiku mmoja mmoja."

Mwanamke akachezea pindo la khanga. "Na ile fomu inapatikana wapi?"

Baada yake walikuja wengine. Walikuja na visingizio, wengine wakiuliza saa, wengine wakiuliza njia ya kwenda sokoni, na wote wakaishia kuinama na kuuliza kuhusu fomu. Kila mmoja aliapa kwamba anamshuku mumewe kwa moyo wote. Zaituni aliandika, akagonga mhuri. Akina koplo na sajini wakapanda kilimani mmoja baada ya mwingine, majina yao yakasomwa redioni baada ya taarifa ya mvua, na huko juu wakalima kabichi, wakacheza bao, na Koplo Digalu akawapangia zamu za kuchota maji kwa kunyoosha mkono.

Trafiki walipokwisha, serikali ikasimamisha juu ya pipa askari wa bati, amepakwa rangi, mkono umenyanyuliwa. Ndani ya juma moja bati likawa jeusi. Akatajwa naye, akapelekwa kilimani kwa gari la takataka.

Kila mwezi Waziri aliyaandikia mataifa ya mbali hesabu ya vyanzo vilivyokwisha kuondolewa, mpaka vikafika kumi na viwili. Mataifa yakampongeza. Namba ikabaki mia nne themanini na saba, na siku za mwisho wa mwezi ikapanda.

Sasa pale Shukrani walibaki watu wawili tu, Zaituni na Bwana Lukindo, kila mmoja kwenye kiti chake, na magari yakizunguka yenyewe kwa matusi. Zaituni alikuwa anakohoa. Alianza na kidogo cha asubuhi, kisha kikaja cha mchana. Juu ya kilima, alipokwenda kumwona Jumapili iliyopita, mumewe alikuwa amemsalimia kwa mara ya kwanza, akamwuliza yeye atapanda lini. Lakini fomu ilisema wazi: mpimaji haruhusiwi kujitaja, anaweza kuwa anajipendelea.

"Bi Zaituni, umeamkaje?" alisema Bwana Lukindo asubuhi moja.

"Salama."

Hakuandika. Akakaa mpaka saa nne ikapita, na hakwenda msalani. Zaituni akashikwa na wasiwasi. Katika miaka yote hiyo mtu huyu hakuwahi kukosa saa nne. Kisha Bwana Lukindo akatoa leso, akakoholea humo kwa muda, akaikunjua juu ya goti ili Zaituni aione. Ilikuwa na madoa meusi.

"Zile fomu," akasema, akizitazama bajaji. "Zimebaki?"

Zaituni alifikiri: huu ndio wenyewe, huu ndio mtego wa miaka sita. Akapitisha lori moja, akapitisha mabasi mawili.

"Zimebaki mbili," akasema.

"Hicho kitambaa mimi nilikifunua mwaka ule wa kwanza," akasema Bwana Lukindo. "Ulikwenda kununua maandazi. Nilikuta mia tatu na tisini."

"Mimi nilikifunua ukiwa msalani."

"Najua. Nilikuwa nakawia makusudi. Nilichoka kuijua peke yangu."

Zaituni akamgeukia mtu huyu aliyekaa kushoto kwake miaka sita, akagundua kwamba hajawahi kumtazama machoni. Yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, kama yake. Akafungua mkoba, akatoa fomu zote mbili, akaziweka juu ya kidubwasha. Bwana Lukindo alikuwa na mhuri wa ofisi yake isiyo na kibao. Akachukua kalamu kwanza, akailowesha kwa ulimi, akaweka fomu ya kwanza juu ya paja.

"Jina kamili?" akauliza, mtu aliyelibeba faili la Zaituni kwapani miaka sita.

"Zaituni Mrisho Digalu."

"Kazi?"

"Mpimaji."

"Dalili?"

Zaituni alizitoa glovu mkobani, akazitia mikononi, zikampwaya. "Andika anakohoa," akasema.

Bwana Lukindo akaandika, akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke. Kisha akampa kalamu, akavua kofia, akaiweka juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Sasa niulize mimi."